Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama wa chama chetu cha wapenda nyota, Nakuru

Wanachama wenzangu, hamjambo.

Mwaka huu mmoja wenu aliniuliza mbele ya watu, "Mwenyekiti, hiki ni chama cha nyota au cha kompyuta?" Alikuwa na haki. Tulipanda mlima Menengai kutazama nyota mara chache, na jioni nyingi ziliishia kwenye laptopu tukikodolea majedwali macho. Sababu ni kwamba tulikuwa tukisaka kwasari zilizofichwa na vumbi, nitaeleza; mambo ya pesa atayasoma mweka hazina.

Kwasari ni kiini cha galaksi ambamo shimo jeusi kubwa mno linameza gesi. Gesi hiyo ikizunguka kuelekea ndani hupata joto kali na kung'aa kuliko nyota zote za galaksi yake. Machi, kabla ya mvua ndefu, wachache wetu tuliiona kwasari iitwayo 3C 273 kwa darubini yetu ya inchi 8. Kitone tu, kama nyota yoyote. Mtoto wa mwanachama mmoja alichungulia akasema, "Ni hiyo tu?" Ndiyo, ni hiyo tu, ila nuru ile ilisafiri zaidi ya miaka bilioni 2, na aliyetambua umbali wake ni mwanaastronomia Maarten Schmidt, mwaka 1963.

Hiyo iko wazi. Zipo nyingine zilizozingirwa na vumbi, na sisi tunaoishi katika mji ambao wengi husema jina lake la Kimaasai ni mahali pa vumbi, tunalijua vumbi. Siku ya upepo wa Januari jua huzama likiwa jekundu kama nyanya, kwa kuwa vumbi huzuia zaidi nuru ya buluu na kuiachia nyekundu ipite. Kwasari iliyofunikwa na vumbi hufifia na kuwa nyekundu, ikawaponyoka wataalamu waliokuwa wakisaka kwasari kama vitone vya buluu. Lakini nuru iliyomezwa haipotei. Vumbi hupata joto, likairudisha kama infraredi, nuru ya joto isiyoonekana kwa macho. Ni jiko lililofunikwa jivu: jicho halioni moto, ila weka kiganja juu.

Kiganja chetu kilikuwa data za WISE, chombo cha NASA kilichorushwa Desemba 2009, kikapima anga nzima kwa infraredi yenye mawimbi ya urefu wa mikromita 3.4, 4.6, 12 na 22. Zinapatikana bure. Tulichukua kipande kidogo cha anga, tukazilinganisha na picha za nuru ya kawaida za Sloan, mradi wa kupiga picha za anga, zilizopigwa New Mexico, Marekani. Unachukua magnitudi, yaani kipimo cha mwangaza, ya mikromita 3.4 unatoa ile ya 4.6: nyota nyingi huja karibu na sifuri, kwasari nyingi 0.8 au zaidi. Kisha unabakiza zile zinazowaka kwenye infraredi ilhali kwenye picha ya Sloan unazitafuta kwa shida.

Hapo ndipo nilipoharibu. Orodha ya kwanza ilitoka karibu tupu. Nilikuwa nimehamisha vipimo vya WISE kutoka mfumo wa Vega hadi AB, mizani miwili ya magnitudi zisizoanzia sifuri moja, ili vilingane na vya Sloan, nikasahau kwamba ile 0.8 ni ya Vega. Kwa AB ni kama 0.16. Wiki tatu zikaenda bure. Aliyeligundua kosa ni katibu, saa sita usiku, akanipigia simu bila hata salamu.

Sasa tuna orodha ya washukiwa, na naomba neno hilo libaki hivyo. Baadhi huenda ni vibete vya kahawia, yaani vitu vidogo visivyofikia kuwaka kama nyota, ambavyo navyo hupita kipimo hicho. Nyingine huenda wataalamu walishaziorodhesha. Kuthibitisha kunahitaji spektra, yaani nuru iliyotawanywa katika rangi zake, na spektra ya kitu hafifu namna hii haipatikani kwa inchi 8. Kwa hiyo pendekezo la kutangaza kwamba Nakuru imegundua kwasari nimelikataa, na mkinichagua tena nitalikataa tena.

Kazi inayofuata ni kulinganisha washukiwa na orodha zilizokwishachapishwa, mmoja mmoja. Wenye laptopu waje nazo.

Na darubini: kioo kimejaa vumbi tangu safari ya mwisho. Tutakisafisha pamoja kwa maji safi yasiyo na chumvi. Tafadhali, mtu asikifute kwa leso.