Barua ya wazi kwa Mstahiki Meya wa Jiji la Dar es Salaam: Huyo siye Samora

Mstahiki Meya, salaam.

Mimi ni fundi viatu. Nashonea Mtaa wa Samora, hatua chache kutoka Sanamu ya Askari. Juzi mwanafunzi wa sekondari alinivulia kiatu, soli imeachia, akasimama kwa mguu mmoja huku kanishika bega. Akaitazama sanamu. "Babu, huyo ndiye Samora?"

Sikumcheka. Kibao cha mtaa kinasema Samora, na mtu wa shaba kasimama katikati ya mtaa huohuo. Nikamwambia Samora Machel ni wa Msumbiji, chama chake cha FRELIMO kilizaliwa humuhumu Dar mwaka 1962, na kabla ya kupewa jina lake mtaa huu ulishaitwa Acacia, kisha Independence. Huyo mwenye bunduki hana jina. Yupo hapo tangu 1927. Kabla yake ilisimama sanamu ya Mjerumani Wissmann, yuleyule aliyemnyonga Abushiri, hadi Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 wakamng'oa.

Mwanafunzi huyo, binti, anakaa Kariakoo. Hapo ndipo nilipoweka sindano chini. Maandishi ya pale kwenye sanamu yanawataja wapagazi, waliokuwa miguu na mikono ya jeshi katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kikosi chao Waingereza walikiita Carrier Corps, kambi yao ikawa kule, nasi tukalitafuna neno hadi likawa Kariakoo. Kazaliwa ndani ya jina hilo na hakuna aliyemwambia! Maandishi yapo kwa Kiingereza na Kiswahili, tena Kiswahili chenyewe kwa herufi za Kirumi na za Kiarabu, na yanaahidi kwamba wana watalikumbuka jina la aliyekufa. Jina hata moja halikuandikwa.

Ninachoomba ni vibao. Kimoja Askari, kingine sokoni Kariakoo, kwenye jengo alilolichora Beda Amuli likafunguliwa 1975. Cha tatu kiende Boma la Kale, pale Sokoine Drive, lililojengwa kwa ajili ya wageni wa Sultani Majid wa Zanzibar mwaka 1866 hadi 1867. Mteja wangu mmoja, wakili, alinisomea Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964: jengo linalindwa moja kwa moja likiwa la kabla ya 1863, la baadaye hungoja tangazo la Waziri. Mlango wa kuchonga je? Ukiwa wa kabla ya 1940, unalindwa. Yaani mlango unaweza kuwa na kinga ambayo nyumba yake haina. Kibao hakizuii tingatinga, najua, ila mpita njia akishasoma atauliza kwa nini linaletwa.

Kiswahili kitangulie, na kibao kiwe usawa wa macho ya mtoto. Kisiwe cha shaba, maana kitaishia kwenye mizani ya chuma chakavu, vigae vinatosha. Na isiwe ile alama ya kuskani peke yake. Bando ni hela, Mstahiki.

Binti anarudi Ijumaa kuchukua kiatu. Ameshaniwekea swali: na Azikiwe, yule wa Mtaa wa Azikiwe, naye alikuwa nani?

Wako,
Fundi viatu, Mtaa wa Samora