Wauzaji wa SSD za kompyuta za gemu waturuhusu kupima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nizungumzie kifaa ambacho wazazi na vijana wengi wa Dar es Salaam wananunua bila kuelezwa vizuri: SSD, yaani diski ya kuhifadhi data kwenye chipu, ya kuongeza kwenye kompyuta ya gemu ya nyumbani. Kwa kompyuta inayotegemea hadidiski ya kuzunguka peke yake, sijui kifaa kingine cha bei hiyo kitakacholeta nafuu kubwa zaidi. Ila mnunuzi anatoka Kariakoo na boksi zuri, anafika Mbagala au Tegeta, anakuta SSD haiingii kwenye kompyuta yake, au inaingia lakini haionekani, au inaonekana lakini ujazo ulioandikwa juu yake ni uongo mtupu.

Tuanze na kinachobadilika. Hadidiski ina sahani zinazozunguka, nyingi mara 7,200 kwa dakika, na kichwa kinachohama huku na huko kutafuta data. Kila kuhama kunakula milisekunde kadhaa, na gemu za siku hizi zina maelfu ya vipande vya kusoma. SSD haina kinachosogea. Ile ya SATA, njia ya zamani ya kuunganisha diski, inasoma takriban megabaiti 550 kwa sekunde, wakati hadidiski nzuri inafika 150 hadi 200, tena data ikiwa imepangana. Ile ya NVMe, njia mpya ya haraka zaidi inayopita kwenye PCIe, ikiwa ya kizazi cha 3 inafika 3,500, na ya kizazi cha 4 inakaribia 7,000. Windows inawaka upesi, ramani inafunguka upesi, na kule kukwama ukiingia eneo jipya kunapungua. Gemu kama Starfield na Baldur's Gate 3, zote za mwaka 2023, zinataja SSD kwenye mahitaji yao ya chini kabisa.

Lakini SSD haiongezi fremu kwa sekunde, yaani idadi ya picha ambazo gemu inaonyesha kila sekunde. Kadi ya grafiki ikiwa dhaifu itabaki dhaifu, na muuzaji anayemwambia mzazi kinyume chake anamdanganya. Vilevile, ukitoka hadidiski kwenda SSD ya SATA unaona mabadiliko makubwa, ila ukitoka SATA kwenda NVMe, kwenye gemu nyingi tofauti ni ya sekunde chache tu. Mwenye bajeti ndogo asione haya kuchukua SATA.

Sasa matundu. Kompyuta nyingi za gemu mjini hapa zilianza kama mashine za ofisi zilizotumika nje, Dell OptiPlex au HP EliteDesk, zikaongezewa kadi ya grafiki. OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 haina tundu la M.2, lile jembamba la kuchomeka SSD moja kwa moja kwenye mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta), kwa hiyo inataka SSD ya SATA ya inchi 2.5. Hata hapo kuna la kuangalia: chipu yake ya Q77 inatoa matundu mawili tu ya SATA yenye kasi ya gigabiti 6, mengine ni ya gigabiti 3. Ukichomeka kwenye tundu la polepole, kasi inakatika karibu nusu na utailaumu SSD bure.

Kwenye mashine zenye M.2 mkanganyiko ni mkubwa zaidi. Kipande kilichoandikwa 2280 kina upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80, na kinaweza kuwa SATA au NVMe. Kwa macho vinafanana kama pacha. Tundu la NVMe pekee haliioni SSD ya M.2 ya SATA, na la SATA pekee haliioni NVMe. Kwa kawaida NVMe ina pengo moja kwenye ncha ya pini na SATA ina mapengo mawili, lakini zipo chache zinazovunja kanuni hiyo, kwa hiyo soma lebo. Kuna pia kitundu kifupi cha kadi ya Wi-Fi kinachofanana na M.2 ya diski. Hicho si cha SSD. Na kwenye mazabodi kadhaa, ukijaza tundu la M.2, tundu moja au mawili ya SATA yanazimwa, halafu mtu anadhani hadidiski yake ya zamani imekufa. Kitabu cha mazabodi kinaeleza haya yote. Kama huna kitabu, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, upige picha jina la mazabodi uende nalo dukani.

Jambo lililonifanya nishike kalamu ni SSD bandia. Boksi linasema terabaiti 2 au 4, bei ni ya kushangaza. Ukilifungua kasha, ndani kuna ubao mdogo wenye memori kadi au chipu ya flashi, na programu yake ya ndani imeandikwa iseme terabaiti 2. Windows haina namna ya kujua, inaamini inachoambiwa. Unaanza kukopi gemu. Gigabaiti za mwanzo zinaingia bila shida. Chipu ya kweli ikishajaa, diski haikatai. Inaendelea kupokea, ama ikiandika juu ya data ya mwanzo, ama ikiitupa kabisa. Mstari wa kukopi unafika mwisho, hakuna onyo lolote. Siku ya kufungua gemu ndipo faili zinakutwa zimeharibika, na aliyeweka picha za familia humo anakuwa amezipoteza.

Ndiyo maana muuzaji kukuonyesha "2 TB" kwenye skrini si ushahidi wa chochote. Ushahidi ni kuijaza yote na kuisoma yote. Programu ya H2testw, ambayo ni ya bure, inafanya hivyo hasa: inaandika data mpaka diski ijae, kisha inasoma na kulinganisha. SSD halisi ya SATA ya gigabaiti 500 inahitaji kati ya nusu saa na saa moja na nusu. Ifanye siku hiyo hiyo ya kununua, diski ikiwa bado tupu. Kabla ya hapo fungua CrystalDiskInfo, nayo ya bure, dakika moja tu, pale pale dukani: utaona modeli, saa ambazo diski imewashwa na kiasi kilichokwisha kuandikwa. SSD inayouzwa kama mpya ikiwa na saa elfu kadhaa imetolewa kwenye mashine nyingine na kufutwa vumbi.

Tusiwaonee wauzaji kwa yasiyo makosa yao, hata hivyo. Terabaiti 1 kuonekana 931 kwenye Windows si wizi, ni tofauti ya kuhesabu kwa 1,000 na kwa 1,024. Na SSD halisi za QLC, aina ya bei nafuu inayobana data nyingi kwenye kila seli ya chipu, hupunguza kasi ya kuandika sana zikipokea faili kubwa mfululizo. Samsung 870 QVO ya terabaiti 1, kwa mfano, hushuka hadi megabaiti 80 kwa sekunde akiba yake ya haraka ikijaa. Kusoma kunabaki kwa haraka, na gemu inasoma zaidi kuliko kuandika.

Ombi langu kwa wenye maduka: wekeni kompyuta moja ya kupimia, andikeni modeli na namba ya SSD kwenye risiti ya EFD, na mkubali kwa maandishi kuirudisha ikishindwa kipimo cha ujazo ndani ya siku chache. Mwenye bidhaa halisi hapotezi kitu. Na Tume ya Ushindani, FCC, ambayo udhibiti wa bidhaa bandia ni kazi yake, iziangalie diski hizi pia.

Kufunga kwenyewe si kugumu. Zima kompyuta, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache umeme uliobaki uishe, kisha gusa bati la kesi. SSD ya inchi 2.5 inataka waya wa data wenye pini 7 na wa umeme wenye pini 15. Hapa kuna hatari moja ninayoomba isomwe mara mbili: kama pawasaplai yako (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) ni ile ya nyaya za kuchomoa, usitumie kamwe waya wa pawasaplai nyingine, hata kama unaingia vizuri. Mpangilio wa pini upande wa pawasaplai haufanani kati ya modeli na modeli. Volti 12 zikifika mahali pa volti 5, diski zote kwenye waya huo zinaungua mara moja.

M.2 inaingizwa kwa mteremko wa nyuzi kama 30, inalazwa, inafungwa na skrubu yake ndogo. Skrubu ikipotea tafuta nyingine. Selotepu italegea kwa joto. Kama mazabodi ina bati la kupozea, bandua karatasi ya plastiki chini ya pedi yake. Ikiachwa, joto halipiti, na NVMe ikipata joto kupita kiasi inajipunguzia kasi yenyewe. Kwa joto la Dar la Januari na Februari, hilo si jambo la kupuuza.

Ukitaka kuweka Windows upya kwenye SSD, chomoa kwanza hadidiski ya zamani. Zikiwa zote mbili, Windows mara nyingi inaacha partisheni ya kuwashia kwenye diski ya zamani, na siku ukiitoa kompyuta haiwaki. Mafundi wengi wanaliruka hili. Kama unaongeza SSD ya gemu tu, usishtuke isipoonekana kwenye orodha ya diski: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika diskmgmt.msc, chagua GPT, tengeneza partisheni, fomati kwa NTFS. Hakikisha umechagua diski mpya, kwa sababu kufomati kunafuta kilichomo. Gemu za Steam zihamishie kwenye diski mpya kupitia mipangilio yake ya hifadhi. Hakuna haja ya kumaliza bando kupakua upya gigabaiti 100.

Baada ya hapo acha kama asilimia 15 ya nafasi wazi, na usiipange kwa programu za kupanga hadidiski (defrag), kwani Windows inaihudumia SSD kwa njia yake. Umeme unaokatika ghafla ndio adui: SSD nyingi za nyumbani hazina akiba ya umeme ya kumalizia kilichokuwa kinaandikwa, na ramani yake ya ndani, ile inayoonyesha data iko wapi, inaweza kuvurugika. UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) ya VA 650 kwa kawaida haibebi zaidi ya wati 400, inatosha kuhifadhi gemu na kuzima taratibu, si kuendelea kucheza. Hadidiski ya zamani, ikiwa bado nzima, ibaki ndani kwa nakala za picha na nyaraka. Hadidiski wakati mwingine inatoa mlio kabla ya kufa. SSD inaweza kuzimika bila dalili, na kuirudisha data yake ni kazi ngumu na ya gharama.

Fundi kompyuta,
Ilala, Dar es Salaam