Barua ya wazi kwa mdogo wangu anayekwenda kuhudumu kambi la Biblia

Mdogo wangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Nimefurahi sana kusikia umekubali kuhudumu kwenye kambi la watoto huko Njombe mwezi wa sita, wakati unasubiri matokeo ya kidato cha sita. Nimeamua kuiandika barua hii wazi kwa sababu vijana wengi wanaitwa kama ulivyoitwa wewe, wanapewa fulana na ratiba, halafu hakuna anayewaambia kazi yenyewe ikoje.

Neno langu kubwa ni moja. Watoto wataiona imani yako kabla hawajaisikia. Katika Marko 2 wale watu wanne waliombeba aliyepooza hawatamki neno hata moja, wala majina yao hatuyajui, ila Yesu aliiona imani yao. Kilichoonekana ni mzigo uliobebwa na paa lililotobolewa. Kazi yako kambini ni ya namna hiyo.

Anza na asubuhi yako. Kambi nyingi huwaamsha watoto saa kumi na mbili. Ukiamka pamoja nao umeshachelewa: kuna foleni ya maji, kuna aliyekojoa kitandani na anaona aibu, kuna aliyepoteza kiatu. Amka saa kumi na moja. Nusu saa iwe ya Neno na maombi, inayobaki upitie somo la siku. Wahudumu wengi hukosea hapa: wanasoma sura watakayofundisha, wanahesabu kwamba wameshasoma Biblia. Hayo ni maandalizi, na ukiishi kwa maandalizi matupu, siku ya nne utakuwa unawakaripia watoto bila kujua hasira imetoka wapi. Soma kitu kingine kwa ajili ya nafsi yako, hata zaburi fupi kama ya 121 au ya 130, uandike mistari mitatu daftarini: nimeona nini kuhusu Mungu, kinanigusa wapi, leo nitafanya nini. Huo wa tatu uwe jambo linaloweza kukamilika kabla hujalala. “Nitampenda kila mtu” halifai. “Nitamwomba radhi mpishi niliyemjibu vibaya jana” linafaa. Na beba Biblia ya karatasi. Simu za watoto huwa zinakusanywa siku ya kwanza, na mlezi anayesoma zaburi kwenye simu, kwa mtoto aliye upande wa pili wa uwanja, ni mtu anayechati tu.

Sasa kikundi chako cha kujifunza Biblia. Watoto wanane ni kiasi kizuri, wakizidi kumi wapo watakaojificha nyuma ya wenzao. Kaeni duara, nawe ukae chini kama wao. Dakika arobaini zinatosha kwa umri wa miaka 10 hadi 14. Kifungu kisomwe mara mbili: kwanza na msomaji mmoja anayesoma vizuri, kisha kwa kugawana sehemu, yaani msimuliaji, Yesu na waandishi. Wengine watakuwa na Union na wengine Habari Njema, kwa hiyo chagua tafsiri moja ya kusoma kwa sauti, la sivyo nusu ya kikundi watapotea mstari wa pili.

Kwenye Marko 2:1-12, anza na yanayoonekana. Nani wapo? Waliombeba walikuwa wangapi? Kwa nini hawakupita mlangoni? Mtoto wa Njombe akisikia paa limetobolewa anawaza bati linang’olewa, hivyo waeleze kwamba nyumba za kule zilikuwa na paa bapa la miti, matete na udongo, na mara nyingi ngazi ya kupandia ilikuwa nje. Baada ya hapo ndipo uulize: Yesu aliiona imani ya nani? Ukishauliza, nyamaza. Hesabu moyoni mpaka kumi. Mlezi mgeni hawezi kuvumilia ukimya, anauliza na kujijibu mwenyewe, na kufikia siku ya pili watoto wameshajua kwamba wakikaa kimya jibu litakuja lenyewe. Mtoto akikosea usimwambie “hapana.” Mwulize ameliona kwenye mstari gani, na kikundi kizima kitarudi kwenye Neno pamoja naye.

Kisha watoke nje. Tandika blanketi imara kwenye nyasi, alale mtoto mwepesi kuliko wote, wanne washike pembe, wamnyanyue usawa wa magoti tu na kumpeleka hatua ishirini. Wewe tembea kando yao, mikono ikiwa tayari. Watagundua wenyewe kwamba lazima waende mwendo mmoja, kwamba anayeharakisha anawaangusha wengine, na kwamba vidole vinauma. Hapo waulize kuhusu safari ya wale wanne hadi kwenye ile nyumba, na kuhusu kupanda ngazi. Dakika tano za mwisho kila mmoja ataje mtu mmoja atakayemwombea kwa jina. Usisikitike kwa kukosa picha na vifaa. Mwaka 1868, katika ufukwe wa Llandudno huko Wales, Mwingereza Josiah Spiers, aliyekuwa akiwahubiria watoto, aliandika mchangani kwamba Mungu ni upendo, akawaita watoto wayapambe maneno hayo kwa kombe na mwani. Ni katika mikutano ya watoto ya siku zile ndipo ilipozaliwa Scripture Union, huduma ya Kikristo inayowasaidia watoto na vijana kusoma Biblia. Uwanja wa shule una udongo wa kutosha.

Usiku wa mwisho kutakuwa na wito wa kumpokea Yesu. Naomba uwe mwangalifu hapa kuliko popote. Watoto wamechoka, mapambio yamewachangamsha, rafiki akinyanyua mkono naye ananyanyua. Usihesabu mikono na kutangaza idadi. Kaa na kila mmoja kwa utulivu, umwulize kwa maneno yake amekusudia nini na kwa nini. Akisema hajui, mweleze polepole, umwombee, umwache aendelee kufikiri. Wala usimtishe.

Mazungumzo hayo yafanyike mahali mnapoonekana na watu, kibarazani au chini ya mti, kamwe si chumbani na mlango umefungwa. Na usiahidi kutunza siri. Mtoto akikwambia “usimwambie mtu,” mjibu kwamba kama ni jambo linalomdhuru utalazimika kumwambia anayeweza kumsaidia. Akifunua kwamba anapigwa au anachezewa, msikilize bila kumhoji kama polisi, mwambie amefanya vema kusema, andika maneno yake kama alivyoyasema, umjulishe mkuu wa kambi siku hiyohiyo. Lipo Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na ipo namba 116 ya bure ya kusaidia watoto. Maombi yafanyike, na taarifa itolewe. Anayesema tuliombee tu suala hili anamwacha mtoto arudi kwa anayemuumiza.

Kuhusu baridi: mwezi wa sita Njombe ni wa baridi kali. Kila mtoto aje na blanketi mbili, sweta na soksi, na bado mnunue akiba, kwa sababu wanaotoka Kyela au Ifakara hawaamini mpaka wafike. Mtu asije akaingiza jiko la mkaa bwenini, hata kama mkaa umeshika na hautoi moshi. Ile hewa yake ya sumu haina harufu wala rangi, na aliyelala haamki. Kagua mwenyewe kabla taa hazijazimwa. Fomu za wazazi zisomwe kabla ya kufika: mwenye pumu ajulikane dawa yake ya kuvuta iko wapi, na mwenye selimundu aogee maji ya moto, anywe maji mengi, asisimame kwenye baridi, kwani baridi na kukosa maji mwilini vinaweza kumletea maumivu makali. Mtoto aliyetoka ukanda wa joto akipata homa apimwe malaria siku hiyohiyo, hata kama Njombe mbu ni wachache.

Jikoni utapangiwa zamu. Kwa watu 75, kadiria mchele kilo 10, au unga wa sembe kilo 15 hadi 18, na maharage makavu kilo 8 kwa mlo. Maharage yalowekwe usiku kucha, maji yake yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu mpaka yaive kabisa. Maharage mekundu yakiliwa mabichi nusu huleta kutapika, na utadhani kambi limeingiliwa na kipindupindu. Maji ya kunywa yachemshwe, au yatibiwe kwa vidonge. Vingi ni kidonge kimoja kwa ndoo ya lita 20 na kusubiri nusu saa, lakini soma pakiti. Ndoo yenye koki na sabuni iwe mlangoni mwa choo, nawe hakikisha haikauki.

Siku ya kufunga, kabla basi halijaondoka, uwe na orodha ya watoto wako wanane: jina, usharika, mwalimu wa shule ya Jumapili, simu ya mzazi. Kila mmoja apewe Injili ya Marko ya kusoma nyumbani, sura moja kwa siku, siku 16. Ndani ya majuma mawili, kwa ruhusa ya mkuu wa kambi, mpigie mwalimu wake umwambie mtoto aliamua nini, kisha mpigie mzazi uombe kuongea na mtoto. Usimwulize kama bado amesimama katika wokovu, atakujibu ndiyo kwa heshima tu. Mwulize amefika sura ya ngapi, na nini hakukielewa.

Dada yako