Maandalizi ya Jumamosi

Habari za jioni, walimu wenzangu. Jumamosi kila mmoja aje na kazi moja ya karakana anayoweza kuifundisha kwa dakika 10: kuchomelea kiungo, kupima mbao, kushona zipu, chochote. Tutafuata zile hatua nne zilizoenea viwandani Marekani miaka ya 1940: mwandae mwanafunzi, mwonyeshe, mwache ajaribu, kisha mfuatilie. Hatua ya tatu ndiyo inayotushinda wengi (mimi wa kwanza). Mwanafunzi akikosea kidogo tu, tunampokonya kifaa. Safari hii mikono nyuma! Muulize, "Unadhani kwa nini imepinda?" halafu nyamaza.

Stadi za mawasiliano tutazichomeka humohumo: mmoja awe mteja msumbufu, mwingine fundi anayemweleza kwa nini kazi imechelewa. Asiyeweza kuja anijulishe kabla ya Ijumaa.