Kusokota sufu: maandalizi ya kesho

Habari wapendwa. Kesho tunaanza na sufu ya kondoo, nyuzi za sentimita 8 hadi 12. Pamba isubiri, nyuzi zake ni fupi mno, huchopoka kabla msokoto haujashika. Njooni na gramu 30 zilizochanwa vizuri, pamoja na kijiti cha kusokotea.

Mikono iachane zaidi ya urefu wa unyuzi mmoja. Ukivuta sufu ikagoma, usiongeze nguvu: umeshika ncha zote mbili za nyuzi zilezile. Rudisha mkono nyuma, itateleza yenyewe. Uzi ukichopoka polepole, msokoto haujatosha. Ukijikunja vifundovifundo, umezidi. Na tafadhali, kijiti kisiachwe kizunguke kinyume, kitafumua kazi yote.