Mwanangu, usiwaambie wacheke

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Sisi huku Walukuba, Jinja, tuko salama, alhamdulillahi. Nimesoma mesej yako yote, kwamba umepata kazi ya hao wachumba, picha za uchumba Entebbe kwanza, alafu kwanjula, ile sherehe ya Kiganda ya utambulisho, kwao binti huko Mukono, alafu harusi yenyewe Namirembe, nimefurahi mpaka nimemsomea jirani. Umeniuliza ununue lenzi gani. Lenzi nitakwambia huko chini, lakini kilichonikalisha usiku ni lile swali uliloweka mwishoni kabisa kama kitu kidogo, eti mama, hao watu wanakuwa wagumu mbele ya kamera, nifanyeje wacheke?

Usiwafanye wacheke. Mtu akiambiwa cheka anatoa meno, macho yanabaki palepale, na mama yake akiiona hiyo picha anajua. Furaha inakuja saa yake yenyewe, wewe kazi yako ni iwe inapokuja ikukute umeshasimama pahali pazuri na kidole kiko tayari, na hiyo mwanangu haitaki kamera ya bei kali, inataka uijue sherehe na uwajue watu.

Nianze na kwanjula kwa sababu ndo ngumu na ndo vijana wengi wanaiharibu. Wameshazoea picha za Instagram, bibi arusi kidevu juu anacheka mdomo wazi, bwana kamnyanyua hewani, sasa wanakuja Buganda wanataka msichana aliyepiga magoti kwenye mkeka mbele ya wazee wa ukoo afanye vilevile. Yule msichana macho yako chini kwa sababu ndivo alivolelewa, mbele ya baba yake hawezi kukenua meno, na furaha iko imejaa humo ndani. Ukimpigia kelele "nnyabo, angalia huku, cheka kidogo" umeshamtoa kwenye siku yake. Mwache. Mtafute kwenye vidole, anavoushika ule mshipi wa gomesi, gauni ya Kiganda, mtafute kwenye kona ya mdomo pale kicheko kinapotaka kutoka anakibana, na usisahau wale dada zake waliopiga magoti nyuma yake, hao hawajabanwa sana, hao wanaangaliana na kila kitu kiko usoni.

Alafu kijana. Kwenye kwanjula bwana arusi haongei, ana msemaji wake, na wale wasemaji wa pande mbili wanarushiana mafumbo na utani muda mrefu sana, watu wanavunjika mbavu, kamera zote ziko kwao na kwa vile vikapu vya zawadi. Wewe geuka. Kijana amekaa katikati ya ndugu zake kama hayupo, kanzu na koti juu, anasokota kifungo cha koti, anasokota anasokota mpaka kaka yake anamshika mkono kumtuliza. Sasa ssenga, shangazi wa binti, anatoka kuja kumtafuta, anapita mstari wa kwanza anajifanya hamuoni, anarudi, anamwangalia mtu mwingine kabisa anatikisa kichwa, watu wanacheka, na yule kijana anajua anatafutwa yeye lakini hawezi kunyanyuka kusema nipo hapa. Ile sura yake pale, kabla ssenga hajamfikia na lile ua, ndo picha ya siku nzima kwangu mimi, na inakaa sekunde chache tu. Akishavalishwa ua kila mtu ana simu juu, hapo unapata kile wengine wote wamepata.

Na huwezi kuwa tayari kwa hilo kama hujui mpango. Nenda kwenye mkutano wao wa harusi hata mmoja, wakati wanapitisha bajeti na kuahidi michango, kaa nyuma, hapo utajua shangazi mkali ni nani, nani ndo muko, kaka wa binti, atakayepewa jogoo, baba mzazi yupo ama ni marehemu na nani anasimama badala yake, ndugu gani hawaongei. Hiyo ya marehemu iulize mapema kabisa, kwa sababu kuna dakika fulani msemaji atamtaja na mtu mmoja kwenye hema atainamisha kichwa, wewe ujue ni yupi. Alafu ssenga mwenyewe mtafute siku moja kabla, msalimie kwa heshima zote za Kiganda, muulize nikae wapi ambapo sitakuzuia. Ssenga akikukubali uko ndani ya nyumba, asipokukubali utapiga migongo ya watu mpaka jioni.

Kitu kingine, hii tafadhali ishike: usije ukamvuta mkwe ati asimame na mama mkwe wakumbatiane ndo upige. Waganda wana obuko, mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa umbali, hata mkono hawapeani. Nimewaona wapiga picha wakisukuma watu hivo na pale pote panaganda, na baada ya hapo hakuna anayekuamini tena. Mpige mama akiwa mbali kulekule aliko, anamwangalia huyo kijana anayemchukua binti yake, anampima kutoka viatu mpaka kichwani. Huo umbali una maneno mengi kuliko kumbatio la kulazimishwa. Na siku ukipata kuhingira, sherehe ya kumuaga binti, huko Ankole ujue bibi arusi kulia anapoagwa ni jambo la kawaida kwao, usimwombe emsii amchangamshe, wewe kaa karibu na mlango wa nyumba anapotokea.

Sasa Entebbe. Najua watataka ile bustani ya mimea, ni pazuri kweli, ipo tangu 1898 na miti yake ni mikubwa mno, lakini chini ya ile miti mwanga ni wa kijani na nyuso zinatoka kama wagonjwa, watoe pembeni pale kivuli kinapoisha, wageukie ziwa, maji yanarudisha mwanga usoni vizuri sana. Ulizia kwanza getini mambo ya malipo ya kamera, wasije wakakusumbua mbele ya wateja. Na usiwasimamishe kama wanapigwa picha za pasipoti, wape kitu cha kufanya. Waambie watembee mpaka ule mti mkubwa wakibishana nani alimtumia mwenzake mesej ya kwanza, wewe fuata nyuma kimya, utaona mwenyewe, hawatafika kwenye mti kabla mmoja hajamsukuma mwenzake bega. Pia mimi ningeongeza siku moja Namawojjolo, lile soko la barabarani, kwa kuwa binti ni wa upande huo wa Mukono. Gari likisimama tu wale wauzaji wanakuja na vijiti vya kuku na gonja, ndizi za kuchoma, mpaka ndani ya dirisha, kelele, moshi, mmoja anavuta huku mwingine kule, na hao wachumba wako ndani wanacheka bila mtu kuwaambia chochote, mmoja anamlisha mwenzake gonja ya moto inamuunguza. Mpaka leo watu wanapanga bustani za hoteli na lile lango la maua ya plastiki, wakati maisha yao yako barabarani pale.

Wakikuomba ile ya sapraizi, kijana kumvalisha msichana pete hadharani, kwanza muulize kijana kama msichana mwenyewe ni mtu wa kupenda watu wengi. Kwetu hapa mwanamke ndo tumezoea kumuona anapiga magoti, kwahiyo mwanaume akishuka chini pale watu wote wanapiga kelele, na kuna wasichana wanaona aibu mpaka wanafunika uso na picha yote inakuwa mikono. Kama ni mpole, wapeleke sehemu tulivu, wewe kaa mbali na lenzi ndefu, na marafiki wenye simu wabaki nyumbani.

Mwanga wetu uuelewe. Sisi tuko kwenye mstari wa ikweta, saa 6 mchana jua liko juu ya kichwa, macho yote yanakuwa mashimo meusi, kwahiyo mchana tafuta kivuli usione aibu. Jua linazama mwaka mzima kati ya saa 12 na nusu na saa 1 jioni hivi, na likizama linazama, ile rangi nzuri ya jioni ni dakika chache tu giza limeingia, na kwanjula hazijawahi kuanza kwa wakati. Kwahiyo hao maharusi waibe mapema kidogo, ukisubiri hotuba ziishe umekosa. Angalia na hema, hema la bluu ama la kijani linapaka watu rangi yake, ongea na mtu wa mapambo kabla, mwambie nyeupe.

Na hapa nataka unisikilize vizuri kwa sababu ni jambo linaloniuma. Ngozi yetu. Zamani kampuni ya Kodak ilikuwa inatuma kwenye maabara kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, mafundi wakaiita Shirley, ngozi yake ndo kipimo, rangi zote zinapangwa hadi yeye atoke vizuri, na kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990. Watu weusi walitoka giza, macho na meno tu, ile mikunjo ya kucheka pembeni ya jicho haionekani, machozi hayaonekani, na utaonyeshaje hisia za mtu kama uso wake hauna kitu? Leo kamera zimebadilika lakini bado ukiiachia yenyewe inaona ile gauni nyeupe inadhani kuna mwanga mwingi inapunguza, na uso unazama. Pima mwanga usoni, gauni ijitegemee. Alafu ukifika kwenye kuediti, nakuomba, usimpaushe mtu. Hata akikuomba mwenyewe, mwonyeshe kwanza picha yake iliyopigwa vizuri na ngozi yake aliyozaliwa nayo. Bibi arusi aliyepakwa weupe mpaka amefanana na karatasi, na bibi yake mweusi tii amekaa pembeni anamlilia, hiyo picha inadanganya wajukuu.

Kanisani sitasema sana. Nikaha unaijua umekulia humo, unajua uangalie mkono wa walii ulioshika mkono wa kijana wakati wa kukubali. Kanisani kila parokia ina masharti yake, wengine hawataki mtu karibu na madhabahu, nenda ukaulize wiki ile, zima sauti ya kamera, fleshi hapana. Wote wataangalia bibi arusi akiingia, hiyo lazima upige, lakini baba yake akishamkabidhi mfuate yeye, anavorudi kwenye benchi lake peke yake, anavokaa, anavotafuta leso mfukoni. Pale hakuna kamera hata moja.

Usiku wakianza kucheza usifunge begi. Umeiona ile picha ya Malick Sidibé, mpiga picha wa Mali, Bamako 1963, usiku wa Krismasi, kijana na msichana wanacheza vichwa vyao karibu vigusane, msichana hana viatu? Watu wengi wakiiona wanasema wapenzi, kumbe ni ndugu, kaka na dada. Mimi naipenda kwa sababu hiyo. Hakuna aliyewapanga, wanaangalia miguu, na mapenzi yapo yote pale. Huyo mzee alikuwa anakesha kwenye dansi za vijana na mwaka 2007 kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice wakampa Simba wa Dhahabu, ile tuzo ya kazi ya maisha yote, mpiga picha wa kwanza kuipata, na Mwafrika wa kwanza pia. Kwahiyo kwenye hiyo harusi usikimbizane na maharusi tu, kuna mjomba na mtoto wa miaka minne wanacheza nyuma ya spika.

Ya mwisho kwenye hayo: si kila chozi ni la kuposti. Kuna machozi ya furaha na kuna ya bibi arusi aliyemkumbuka mamake chumbani wakati anavalishwa, hilo unaweza kulipiga ukiwa mbali na kwa heshima, lakini ni lake, mpe mkononi. Uganda tuna sheria tangu 2019 ya kulinda taarifa za watu, ridhaa inatakiwa, lakini hata bila sheria waulize, picha kwa picha, zile unazotaka kuweka kwenye ukurasa wako.

Lenzi sasa. Nunua ya milimita 35 moja ya kuingia ndani ya watu na ya 85 ya kukaa mbali, hata za mkono wa pili zinatosha, hiyo kubwa ya bei mbaya iache, hela iliyobaki nunua memori kadi mbili nzuri, kamera iandike kwenye zote mbili kwa pamoja, kwa sababu kwanjula hairudiwi. Droni mwachie mtu wa vidio.

Picha ya ssenga ichapishe karatasini umpelekee wewe mwenyewe kwake, ya wazazi pia, kabla hujawatumia maharusi zao. Betri zangu mbili za akiba na chaja nimempa dereva wa taksi wa hapa stendi, yule mrefu unamjua, anashuka Old Park, stendi ya Kampala, Ijumaa asubuhi, mpigie mapema asije akarudi nazo Jinja. Nimeshamlipa, usikubali akudai tena.

Mama yako