Risala ya kikundi chetu kwa mgeni rasmi, siku ya usafi wa mtaro Mikindani

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenyekiti wa mtaa, walimu, wazee wetu na ndugu zangu wote mliofika, Mtwara kuchele!

Karibu sana Mikindani mgeni rasmi. Sisi ni akinamama na vijana tunaookota chaza na kombe maji yakikupwa, na leo tumeamka alfajiri kuzoa taka kwenye huu mtaro unaoshuka baharini. Chupa na mifuko tumezoa, lundo lile pale umeliona. Ila kinachotunyima usingizi hatujakizoa maana hakionekani, kiko ndani ya tope.

Juzijuzi fundi mmoja alikuwa anapasua betri mbovu za gari pembeni ya mtaro, asidi anamwaga humohumo, mabamba ya risasi, ile metali nzito sio ya bunduki, anatoa anauza kwa kilo. Kijana wa watu anatafuta ugali wa watoto wake, hatumchukii. Usiku mvua ikanyesha, asubuhi maji meupe, watu tukasema basi imeisha. Haijaisha mgeni rasmi. Risasi haiozi kama ganda la ndizi, wala zebaki wala kadimiamu, nazo ni metali zenye sumu, zinang'ang'ania udongo laini zinatuama chini, tope la mwaka huu linalalia la mwaka jana, ndo maana wataalamu wakitaka kujua mji ulitupa nini zamani wanazamisha bomba kwenye tope, wanalitoa zima, wanalikata vipandevipande kama mkate wanapima kila kipande. Maji yanapita, tope linabaki na ushahidi.

Kule Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga zebaki kuanzia 1932 mpaka 1968, na waliougua ni watu wa pwani kama sisi, wanakula samaki na kombe za ghuba yao. Ugonjwa ulitambuliwa 1956. Tope lenyewe kuja kuchotwa na kufukiwa ikachukua miaka, 1977 mpaka 1990! Na sisi hapa tuko kwenye ghuba, na chaza hahami, anakaa palepale anachuja kila kinachopita. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kilicho salama kwa mtoto, na watoto wetu ndo wanacheza mtaroni humu peku.

Mgeni rasmi ombi letu kubwa ni tope lipimwe, sio maji tu, pale mtaro unapoingia baharini na kule kwenye mikoko, na majibu tuletewe hapahapa kwa Kiswahili hata yakiwa mabaya, bora tujue tuache kuokota upande upi. La pili tupate sehemu moja ya kupeleka betri mbovu na mafundi wetu waelekezwe, wasifukuzwe tu.

Sehemu za kuchukulia tope tunazijua zote, mtumbwi upo. Leo maji yanakupwa saa nane, mabuti tumeshakuandalia, tukimaliza hapa tunaomba tushuke wote ukapaone.